Ufito Uliolika

Chumba cha tatu kilikataa kukaa.

Kilikuwa kimening'inia kwenye kreni tangu saa mbili asubuhi, chumba kizima cha ofisi pamoja na madirisha yake, taa zake na zulia lake jipya lililofunikwa nailoni, na chini yake watu thelathini walikuwa wamekiinulia shingo kama kuku waliomwona mwewe. Kilishushwa mara nne, kikapandishwa mara nne. Kila kilipokaribia ukuta, matundu ya miguu yake yalipishana na bolti zilizosimama juu ya mkanda wa zege zikikingoja, na mwelekezi wa kreni akapunga mkono kwamba kirudi juu. Msanifu wa jengo hilo alikuwa amesimama kando ya lori, penseli imechomekwa kwenye nywele chini ya kofia ngumu, na moyo wake ulikuwa umeshafika mahali ambapo wenzake walikuwa hawajafika. Alijua kwamba chumba kile kisipokaa, Jumapili hakuna mgeni atakayekuja nyumbani kwa shangazi yake.

Utauliza chumba na Jumapili vina undugu gani. Vina undugu mkubwa, tena wa damu.

Wenye jengo walitaka kitu cha kisasa, na kisasa siku hizi ni hivi: vyumba vinatengenezwa kiwandani kama masanduku, vinapakiwa kwenye malori, vinapangwa kimoja juu ya kingine, na ghorofa nne zinasimama kwa wiki mbili. Vioo vya madirisha vinajitia giza vyenyewe jua likivipiga. Hewa inapanda yenyewe kwenye mkondo wa katikati, mashine za baridi zinakaa bila kazi. Hakuna ukuta kati ya mfanyakazi na mfanyakazi, wala meza ya mtu. Ukifika asubuhi unakaa penye nafasi. Fundi mkuu wa waashi alipoelezwa haya yote alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza mtu akigombana na bosi wake humo ndani atabamiza mlango gani.

Waashi wenyewe wasingekuwapo kama si huyo msanifu. Jengo la masanduku halina haja ya mwashi. Ni yeye aliyewashikilia wenye jengo, mkutano baada ya mkutano, mpaka wakakubali ghorofa ya chini ijengwe kwa matofali ya udongo wa kushindilia, yaachwe hivyo hivyo bila lipu. Aliwaambia udongo unapoza chumba, na kwamba watu wa kimataifa wanauhusudu mno udongo siku hizi, hasa wale ambao hawajawahi kuubeba kichwani. Wakacheka, wakakubali. Ndivyo fundi mkuu alivyoingia na watu wake kumi na wawili, na wa kumi na tatu akiwa mwanawe.

Mwanawe walimwita Timazi. Jina la kazini tu, kwa sababu ya ule uzi wenye kipande cha chuma ambao mwashi huuning'iniza ajue kama ukuta umesimama wima; kijana mwenyewe alikuwa hana maneno ya kona. Akikuambia ndiyo ni ndiyo. Naye ndiye aliyembandika msanifu jina la Penseli siku ya kwanza tu, akimwona anaitafuta penseli mifukoni, kwenye mkoba, chini ya karatasi, nayo iko kichwani. Alimwacha ahangaike kwanza. Kisha akaja akaichomoa taratibu, akampa, akasema, "Hii hapa, Penseli," na yule binti aliyesoma mpaka akavaa miwani akasahau alikuwa anataka kuandika nini.

Mapenzi ni kikohozi, wahenga hawakukosea. Penseli alimwonyesha kijana jengo ndani ya kompyuta, likizunguka kama kinyago juu ya meza, na Timazi akawa hatazami jengo. Timazi naye alimfundisha kufumba macho na kupitisha kiganja ukutani, kwa kuwa kiganja huona kombo ambayo jicho haliioni, na siku hiyo viganja viwili vilikutana kwenye tofali moja vikachelewa kuachana. Mafundi waliona. Wakaanza kupiga miluzi kila Penseli akipita, mpaka fundi mkuu akawanyamazisha kwa jicho.

Huyo mzee hakufurahi hata kidogo. Alimwuliza mwanawe mwanamke anayejenga nyumba bila mwashi ataishije na mwashi nyumba moja. Upande wa pili shangazi, aliyemlea Penseli tangu ana miaka sita, alisusa chakula siku mbili nzima. Nimekusomesha, alisema, nimeuza cherehani yangu usome, leo unakwenda kuolewa na matope? Mwaka ulipita hivyo, huku wananuna, kule wananuna. Lakini ukuta ulipanda. Ukapanda mwekundu, umenyooka, hauna lipu, na kila mgeni aliyekuja kukagua jengo alisimama mbele yake akaugusa. Fundi mkuu alikuwa na msemo wake: fundi mbaya hufichwa na lipu. Miaka arobaini hakuna aliyempa ukuta wa kuacha wazi, uonekane ulivyo. Binti huyu ndiye aliyempa. Basi mzee akayeyuka, akasema Jumapili atakuja na ndugu zake wawili kuzungumza na shangazi. Shangazi akanuna mara ya mwisho, kisha akaenda kwa jirani, mama wa mapacha, akaazima viti sita.

Sasa urudi kwenye zile bolti. Zilipandwa Jumanne ya wiki iliyotangulia, na fundi mkuu ndiye aliyezipima, kwa ufito wake. Ule ufito ulikuwa wa mti mgumu, mweusi kwa kushikwa, urefu wa mita moja na nusu, ameachiwa na baba yake. Hakupenda leza, alisema ni kurunzi ya mvivu. Siku ya pili yake Penseli alitakiwa kuzipima bolti zote kwa leza kabla ya kutia sahihi fomu ya ukaguzi. Alikwenda. Alimkuta mzee amekaa juu ya rundo la mchanga, ufito magotini, watu wake wamemzunguka. Mzee akakitazama kile kifaa mkononi mwake, akacheka, akamwuliza, "Umekuja kunipima, binti?" Penseli akaona haya. Baba mkwe mtarajiwa, mbele ya mafundi wake! Akakizima kifaa, akasema amekuja kusalimia tu, akatia sahihi.

Na leo, Alhamisi, chumba kiko hewani. Mtu wa kreni alipopima kwa leza yake ikaonekana: bolti za mwanzo ziko sawa, za katikati zimesogea kidogo, za mwisho zimepungua vidole viwili vizuri. Ukuta wa tofali husamehe vidole viwili, mwashi anaongeza udongo hapa, anabana pale. Chumba kilichotoka kiwandani hakisamehe hata unywele.

Meneja wa mradi hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyotisha. Alitaka maelezo kwa maandishi ifikapo saa nane mchana: kosa ni la ramani au la waashi. Likiwa la waashi, kundi zima linaondoka, na jina la fundi mkuu linapelekwa kwa wakandarasi wote wanaojuana, asipewe tena kazi ya jengo kubwa. Akasema hayo akafunga mlango wa kontena lake la ofisi.

Mafundi walipokwenda kula, Penseli aliingia kwenye banda lao. Ramani ya bolti ilikuwa imebanwa ukutani, karatasi ile ile aliyowapa. Akaibandua, akaitia mkobani. Akaenda kwenye kompyuta yake, akabadilisha tarakimu moja, akachapisha karatasi mpya, akarudi akaibana mahali pale pale. Kisha akamwandikia meneja kwamba karatasi waliyopewa waashi ilikuwa na kosa la msanifu. Alijipigia hesabu kwamba atakaripiwa, pengine atanyang'anywa jengo, lakini Jumapili itakuja na mzee atakaa kwenye kiti cha mama wa mapacha akanywa chai. Alimpenda Timazi kiasi hicho, basi.

Ijumaa asubuhi fundi mkuu alibisha mlango wa kontena. Penseli alikuwamo, anapewa karipio lake. Mzee alikuwa amevaa shati safi, ufito umo kwapani, karatasi mkononi.

"Hii karatasi si yangu," alisema.

Meneja alimwambia asijisumbue, kosa limeshajulikana ni la nani na yeye halimhusu, arudi tu kazini.

"Yangu ina dole gumba la saruji hapa pembeni. Niliishika mikono ikiwa bado mibichi. Hii imetoka kufuliwa." Aliilaza mezani, akaomba tepu ya chuma. Meneja akampa, nadhani kwa udadisi tu. Mzee akaivuta tepu mpaka mita moja na nusu, akaulaza ufito wake sambamba, akasogeza ncha ya kwanza ikalingana. Kisha wote watatu wakatazama ncha ya pili.

Haikufika. Ilibakiza unene wa ukucha.

Mzee aliinama akapangusa miwani yake, akatazama tena, kama mtu anayesoma barua ya msiba mara ya pili akidhani labda ameruka neno. "Kila nikimaliza kupima ninaugonga chini," alisema. "Baba yangu naye alikuwa akiugonga. Tumeugonga miaka hamsini. Ukucha mmoja si kitu. Lakini juu ya ukuta ule nimeulaza ufito mara kumi na sita." Akaukunja mkono wake juu ya ile ncha iliyolika. "Bolti ni zangu, bosi. Ramani ilikuwa sawa."

Meneja alimgeukia Penseli. Penseli alitazama sakafu. Sauti aliyoisikia ilikuwa ya mzee, na haikuwa na hasira, heri ingekuwa nayo.

"Binti, siku ile ulipokuja na kile kifaa chako, ulipima?"

"Hapana, baba."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Ungesema hilo. Ungesema mzee amekosea, nami sikupima. Tungesimama hapa wote wawili, tukafukuzwa wote wawili, na Jumapili ningekuja kwenu na uso wangu." Alinyanyua ile karatasi safi, akaikunja mara nne, akaiweka mbele yake. "Wewe umenipiga lipu."

Akatoka. Ufito aliuacha mezani.

Yaliyofuata yalikuwa mambo ya ofisi na hayakuchukua nusu saa. Waashi wakusanye vyombo vyao kabla ya adhuhuri. Ukuta wa udongo uvunjwe, nguzo za chuma zitoke kiwandani badala yake, vyumba vikae juu ya nguzo. Msanifu akabidhi kompyuta na funguo, habari za karatasi ya uongo zitapelekwa kwenye bodi ya wasanifu, asubiri barua. Penseli alisaini kila alichowekewa.

Alimtafuta Timazi kila mahali, bandani, kwenye tangi la maji, kwenye mchanga. Mwishowe akamwona juu, ndani ya chumba cha kwanza, kile kilichokaa sawa. Kando yake juu ya ukuta mwekundu kulikuwa na cha pili tu, kilichokaa kwa kubanwa. Akapanda ngazi. Ndani kulinukia zulia jipya, na nailoni ikapiga kelele chini ya viatu vyake. Timazi alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, na jambo la kwanza alilolifanya Penseli ni kupiga magoti mbele yake na kuanza kuomba msamaha, kwa maneno yaliyogongana, kwamba hakutaka kumdhalilisha mzee, alitaka kumwokoa, kwamba alimfanyia baba kwa ajili ya mwana.

Timazi alimwacha amalize. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ufito umelika. Nimejua miaka miwili."

Penseli alibaki amepiga magoti.

"Niliona kwenye shule moja tuliyojenga, madirisha hayalingani. Nikaupima mzee akiwa amelala mchana. Sikuthubutu kumwambia. Ule ufito ni baba yake, Penseli. Basi tangu siku hiyo kila akipima mimi niko nyuma yake, naongeza ukucha. Anaweka alama, akigeuka naisogeza. Ukuta huu wote nimeufuata hivyo, tofali kwa tofali. Hakuna hata fundi mmoja aliyejua."

"Na bolti?"

"Bolti zilipandwa Jumanne."

Hakuhitaji kuendelea. Jumanne ile Penseli ndiye aliyemng'ang'ania aache kazi nusu siku, aje kwa shangazi, kwa sababu shangazi alisema hatakubali mtu ambaye hajamwona akila na akinywa. Timazi alisitasita. Alisema siku hiyo kuna kazi nyeti, ni afadhali awepo. Penseli akamwambia, kwa deko, kwamba baba yako ni fundi wa miaka arobaini, atakosea nini bila wewe? Wakaenda. Shangazi akampa chai ya maziwa, akamkagua kucha, akamcheka kidogo, akalainika. Wakati ule ule, upande wa pili wa mji, mzee alikuwa anaulaza ufito mara ya kumi na sita na hakuna mtu nyuma yake.

"Ulikuwa kwetu," Penseli alisema polepole.

"Nilikuwa kwenu, nakunywa chai."

Jua lilikuwa limeanza kupiga dirisha, na kioo, kama kilivyoagizwa kufanya, kikaanza kujitia giza. Chumba kikawa na rangi ya jioni saa tano za asubuhi.

"Kwa hiyo hata wewe," Penseli alisema, "umempiga lipu."

"Miaka miwili. Nimemwambia sasa hivi, pale chini, alipotoka ofisini. Nilidhani atanipiga. Afadhali angenipiga." Timazi alijifuta uso kwa mkono wa shati, akauacha umepakaa vumbi. "Ameniuliza swali moja. Kuta zote za miaka miwili hii, zipi ni zake na zipi ni zangu? Nimeshindwa kumjibu. Sijui, Penseli. Nimezisogeza nyingi mno, sikumbuki."

Penseli alimshika mikono. Ilikuwa mizito na imepoa. Akaanza kusema kila kitu ambacho mtu husema akiona mlango unafungwa: kwamba hasira za wazee hupoa, kwamba watakwenda wote wawili wamlilie, kwamba asipokuja Jumapili hii atakuja nyingine, na asipokuja kabisa watafunga ndoa bila yeye, wahamie mji mwingine, yeye atachora vibanda vya kuku na Timazi atavijenga. Hata akajaribu kucheka kidogo hapo kwenye kuku. Timazi hakucheka.

"Sikiliza. Ukiingia nyumbani kwetu, mzee akikuona ataona ile karatasi safi. Akiniona mimi ataona ukucha. Mmoja wetu pengine atamzoea. Wote wawili mezani kwake kila siku, tunamwangalia kwa huruma? Tutamuua."

"Basi tusikae naye."

"Mama hayupo. Mafundi wake kuanzia leo hawapo. Ufito ameuacha kwa meneja. Amebakiwa na mimi, na mimi ndiye niliyemdanganya zaidi kuliko wewe. Nikimwacha sasa nitakuwa nimemalizia kazi."

"Na mimi umeniweka wapi?"

Aliuliza hivyo kwa sauti ndogo, na ilikuwa mara ya kwanza tangu wajuane kwamba Timazi alipoulizwa kitu hakujibu papo hapo. Alimtazama usoni muda mrefu, jicho kwa jicho, kama alivyokuwa akimtazama ule mwaka mzima kati ya matofali, na Penseli akaona kwamba hakuna kilichopungua katika jicho lile. Hilo ndilo lililomwumiza. Angeona chuki angeweza kuondoka.

"Nakupenda," Timazi alisema. "Hilo halijalika hata kidogo. Lakini sitakuoa."

"Hata baadaye?"

"Usinifanye niseme labda. Nikisema labda utakaa unangoja, na mimi nitakuwa nimekupiga lipu wewe."

Maji yalishamwagika. Penseli alilia wazi wazi, bila kuficha uso, akamlaumu, akamwita mwoga, kisha akamwomba radhi kwa kumwita mwoga, kisha akamshika shingoni asimwachie. Timazi alimkumbatia, na yeye analia. Walikaa hivyo juu ya nailoni mpaka sauti ya fundi mmoja ikaita kutoka chini kwamba lori la vyombo linaondoka na mzee amekwisha kupanda. Timazi akasimama. Aliinyoosha ile penseli iliyokuwa imelegea kwenye nywele zake, akaichomeka vizuri, akashuka ngazi.

Penseli alikimbilia dirishani amwone anavyovuka uwanja. Lakini jua lilikuwa limepanda, na kioo kilikuwa kimekwisha kuwa cheusi kabisa. Ni kioo alichokichagua mwenyewe, akakitetea kwenye mikutano mitatu. Aliona kivuli cha mtu kikitembea kuelekea kivuli cha lori, na hakuweza kusema kama kiligeuka nyuma au hakikugeuka.

Jumamosi walivunja ukuta. Hakwenda kuona. Mwelekezi wa kreni, aliyekuwa mtu mwema asiyejua lolote, alimtumia picha kwenye simu kumfurahisha: nguzo za chuma zimefika, zimefungwa, na chumba cha tatu kimekaa mara ya kwanza tu. Kando ya picha lilionekana rundo la udongo mwekundu, na juu yake mtu alikuwa ametupia kizibao chake apate kufanya kazi vizuri.

Jumapili ilifika kama Jumapili nyingine. Shangazi alikuwa ameshaambiwa yote tangu Ijumaa, tena mara mbili, lakini aliamka akafagia sebule, akaoga, akavaa gauni lake la kijani, akavipanga vile viti sita kwa duara. Chai akaiweka kwenye chupa. Penseli alimtazama tu, hakuwa na nguvu ya kumkataza. Na kusema kweli, yeye naye alikuwa ameoga, na alikuwa amevaa.

Walikaa. Saa nane ikapita, ile saa waliyokubaliana. Pikipiki ilipunguza mwendo nje ya mlango, wote wawili wakanyanyua vichwa, ikaendelea na safari yake. Shangazi alisema wazee huchelewa. Baadaye akasema pengine wamepotea njia. Saa kumi akafungua ile chupa akajimiminia kikombe, akanywa kidogo, akakiweka chini.

"Nilikuwa nimeshamzoea yule kijana," alisema, yeye aliyesusa chakula siku mbili. "Ana kucha safi kwa mwashi."

Penseli alinyanyuka, akabeba viti viwili, kimoja kila mkono, akatoka navyo. Mama wa mapacha alikuwa barazani anaanua nguo. Alipomwona akaziacha, akaja kumpokea huku uso umemkunjuka kwa furaha, kwa kuwa mtaa mzima ulijua viti vile viliazimwa kwa ajili gani.

"Wameondoka mapema hivi! Haya niambie, wamekubaliana?"

Penseli aliviweka viti chini, akavipanga miguu sawa sawa na ukuta.

"Wameondoka," alisema.

Mama wa mapacha akamkumbatia, akampongeza, akamwombea watoto wengi na nyumba yenye amani. Penseli akasema asante, akarudi kuchukua viti vingine viwili.